Mwaka Tulioandikishwa Mara Mbili

Bahasha ililetwa na ndugu yangu Buya, ambaye siku hizi ana pikipiki na kwa hiyo ndiye posta yetu sote. Ndani mlikuwa na kadi ya mwaliko: Mwalimu Zawadi anastaafu, na shule ya Garsen alikokuwa akiwapimia watoto wetu inamfanyia sherehe ya kumuaga. Juu ya bahasha mtu alikuwa ameandika kwa kalamu, kwa herufi za kujitahidi, "Kwa mzazi wa Hamesa." Buya alicheka. "Soma jina lako, mzazi," akasema. Nilisoma, kisha nikaingia ndani nikasoma tena peke yangu. Nimeshapita miaka arobaini. Nina watoto wanne wanaoniita baba, na neno hilo nimelizoea kama nilivyozoea viatu vyangu. Lakini maneno yale ya juu ya bahasha hunifanya mpaka leo ninyooshe mgongo, kwa sababu ubaba niliupata kama watu wengine wanavyoupata, na uzazi wa Hamesa niliupata kwa kuutamka mwenyewe mbele ya kalamu, baada ya kuukana mbele ya kalamu hiyo hiyo.

Hamesa ni dada yangu. Tuko watatu: mimi Komora wa kwanza, Buya wa katikati, na yeye wa mwisho. Wazazi wetu walitangulia mmoja nyuma ya mwingine kabla Hamesa hajafikisha miaka miwili, nami nilikuwa darasa la saba, mkubwa kuliko dawati langu. Niliacha shule wiki hiyo hiyo. Hayo yanatosha. Ninalotaka kuandika ni mwaka mmoja tu, mwaka ambao Hamesa alikuwa na miaka minane na mimi ishirini na miwili, na tulikuwa tukiishi kwenye chumba kimoja cha udongo katika kijiji kidogo kati ya Ngao na Golbanti, hatua chache kutoka mtoni.

Chumba kile nakikumbuka kuliko nyumba yangu ya sasa ya mabati. Kitanda kimoja cha kamba, cha Hamesa, kikiwa kimesukumwa mpaka ukutani kwa sababu hakulala bila mgongo wake kugusa ukuta. Mkeka wangu na Buya. Sufuria mbili, ndoo, na juu ya msumari redio ya betri iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Redio ile ndiyo iliyomfundisha Hamesa kusema. Mtoto yule hakuwahi kusema "nataka maji" wala "kaka njoo." Alisema kama mtangazaji. Akitaka usiondoke alikuambia, "Msikilizaji, endelea kuwa nasi." Akichoka na watu, au kelele ikimzidi, alisema, "Huu ndio mwisho wa taarifa ya habari," na hapo ilibidi umwache. Na chakula kikiisha kabla hajashiba, alichungulia ndani ya sufuria na kusema kwa sauti nzito ya matangazo ya vifo, "Tunasikitika kutangaza." Wageni walishtuka. Sisi tulijua tumuongezee wali.

Mambo mengine yalikuwa magumu zaidi. Mashine ya kusaga unga ikiwashwa alijipiga kichwa ukutani. Hakutaka kuguswa, hasa nywele, na hakuna mwanamke kijijini aliyefaulu kumsuka. Nikajifunza mimi. Niligundua kwamba ukimwambia imebaki mistari mingapi, atavumilia. "Imebaki saba, Hamesa. Imebaki sita." Wanawake waliokuwa wakienda mtoni walisimama mlangoni kunitazama, mwanamume mzima na kitana mdomoni. "Komora, ukimaliza huyo na mimi unisuke!" "Foleni ni ndefu, mama," nilijibu. "Rudi kesho kutwa."

Shule alikuwa amejaribu mara mbili. Mara ya kwanza alitoka kwa dirisha siku ya tatu, akarudi nyumbani peke yake kwa njia ya ukingoni, kule kwenye mamba. Mara ya pili walinirudishia wenyewe. Mwalimu wa darasa la kwanza hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto sabini na ubao mmoja. Basi nikienda shamba nilimwacha kwa Shangazi Dina, dada ya marehemu baba, mwenye mdomo mkali na mkono mwepesi wa kukupa chakula. Siku moja nilirudi mapema kuchukua jembe la pili nikamkuta Hamesa amekaa chini ya nguzo ya kibanda cha shangazi, leso imefungwa kiunoni mwake, ncha ya pili kwenye nguzo. Leso ilikuwa safi, ile ya kanisani. Fundo lilikuwa legelege, la mtu aliyeogopa kumuumiza. Alikuwa ametulia, akiupitisha upindo wa leso kati ya vidole, uzi kwa uzi.

"Alikuwa anaelekea mtoni," shangazi alisema kabla sijafungua mdomo. "Nina kisu mkononi, nina samaki hapa. Ulitaka nifanyeje? Nimzike?"

Nilifungua fundo lile, na nilipokuwa nikilifungua niliona wazi kabisa, kama mtu aliyeonyeshwa picha, Hamesa wa miaka thelathini akiwa amefungwa kwenye nguzo hiyo hiyo kwa leso nyingine safi, na mimi nimekufa, na hakuna aliyebaki anayejua kwamba mwisho wa taarifa ya habari maana yake amechoka. Hiyo ndiyo iliyonipeleka Garsen.

Nilikuwa nimesikia kwamba shule moja pale ilikuwa na darasa la watoto wa aina yake. Watu waliliita yuniti. Mwalimu mkuu alinipokea vizuri, akanipa kiti. "Nina nafasi moja tu iliyobaki," akasema, "na mwalimu mmoja. Nitakushikia nafasi hiyo mpaka shule zifunguliwe Januari. Lakini siwezi kumchukua mtoto bila ripoti ya tathmini. Kuna mwalimu anakuja hapa mara moja kwa mwezi kuwapima. Mlete." Nilirudi nyumbani nikiwa na tarehe imeandikwa kiganjani kwa kalamu, na nilioga kwa mkono mmoja siku mbili.

Sasa ni lazima nieleze kosa langu, na halieleweki bila mafuriko. Mwaka uliotangulia mto ulikuwa umetoka, ukachukua mpunga wetu na nusu ya kijiji, tukakaa wiki nyingi kwenye mahema mahali palipoinuka upande wa Minjila. Kule watu walikuja na fomu. Walikuja wa chakula, wa mablanketi, wa neti, na kila mmoja alikuwa na karatasi yake. Tulijifunza elimu moja kambini: mtu akija na karatasi, mwonyeshe shida yako yote, na ikiwa haitoshi iongeze. Mwenye mbuzi alisema hana hata kuku. Shangazi Dina, ambaye alikuwa ameogelea na sufuria kichwani, alianza kuchechemea kila alipofika mbele ya foleni. Mimi nilipoulizwa jina la mzazi au mlezi, nilisema "hakuna," kwa sababu nyumba ya yatima wasio na mtu ilipewa mgao wa ziada. Sioni haya kuyasema. Njaa ilikuwa ya kweli hata kama kuchechemea hakukuwa.

Basi shangazi aliposikia kwamba Hamesa anakwenda kuandikwa, alikuja na kigoda chake akaketi mlangoni kwangu kunifundisha, huku akimenya ndizi. "Ukiulizwa anajilisha, sema hajilishi."

"Lakini shangazi, anajilisha. Anakushinda wewe."

"Sema hajilishi! Ukiulizwa anasema, sema bubu. Wewe Komora ulisoma mpaka darasa la saba lakini karatasi huzijui. Mtoto mwenye afadhali nani atampa nafasi? Iko moja tu. Watampa aliye na shida kuliko wote."

Niliona ana akili. Ndivyo karatasi zote tulizowahi kuziona zilivyofanya kazi.

Chumba cha tathmini kilikuwa stoo ya shule. Upande mmoja madawati mabovu yamepangwa mpaka darini, upande wa pili magunia ya mahindi ya watoto, na katikati meza yenye kitambaa cha maua ambacho nadhani Mwalimu Zawadi alikuja nacho mwenyewe. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, mtulivu, miwani kwenye uzi. Nje ya dirisha, ng'ambo ya ua, fundi alikuwa akichomelea mlango wa chuma, na kila cheche ilipolia Hamesa alizidi kujikunja chini ya dawati, mikono masikioni. Mwalimu alimwekea vijiti vya rangi sakafuni, akamngoja. Hamesa hakuvigusa. Ndipo akanigeukia mimi.

"Anakula mwenyewe?"

"Hapana."

"Akiitwa jina lake, anageuka?"

"Hageuki, mwalimu. Hasikii lolote."

"Anasema maneno yoyote?"

"Hata moja."

Na kutoka chini ya dawati, kwa sauti nzito, wazi kabisa, Hamesa akasema, "Tunasikitika kutangaza." Ilikuwa saa ya kula, na mfuko wenye chakula ulikuwa mapajani mwangu.

Mwalimu Zawadi aliinua kichwa. "Amesema nini?"

"Ni sauti tu," nikasema. "Hutoa sauti."

Nimesema uongo mara nyingi maishani, mwingine wa kuokoa, mwingine wa upuuzi. Huo ndio pekee ninaoukumbuka kwa mwili, mahali niliposhika mfuko. Mwalimu alinitazama kidogo, akaandika. Kisha akauliza jina la mzazi au mlezi. "Andika hakuna," nikasema. "Na wewe?" "Mimi ni kaka tu."

Ripoti ilikuwa karatasi tatu za Kiingereza zenye mhuri. Mimi niliweza kusoma jina lake na umri wake. Kijijini ilipita mkono kwa mkono kama picha ya harusi. "Karatasi tatu!" shangazi alisema. "Kambini hakuna aliyewahi kupata hata mbili." Siku hiyo alipika wali kwa nazi, na kambare wa kukaushwa kwenye mchuzi wa maembe mabichi, akatuita sote, na Hamesa alikula sahani mbili kwa mkono wake mwenyewe, bila kumwaga punje, mbele ya karatasi iliyosema hawezi.

Siku ya pili nilimvalisha sare aliyoishona Buya, kwa maana Buya ndiye aliyekuwa na mkono wa sindano, nikampeleka. Mwalimu mkuu alipokuwa akisoma ripoti, Hamesa aliondoka kando yangu. Nilimfuata mpaka mlango wa yuniti. Watoto saba walikuwa wamekaa mkekani wakitunga vizibo vya soda kwenye kamba, na darasa lilikuwa kimya kwa namna ambayo sijawahi kuiona shule ikiwa kimya, kimya cha watu wenye kazi. Hamesa aliingia, akakaa mwisho wa mstari akiwa na mgongo ukutani, akachukua kamba. Hakuna aliyemwambia.

Mwalimu mkuu alikuja nyuma yangu, ripoti mkononi, akasema polepole, kama mtu anayetafuta namna. "Ndugu, hapa imeandikwa mtoto huyu hajilishi, hasikii jina lake, hana neno hata moja. Imependekezwa atunzwe nyumbani. Mimi nina mwalimu mmoja tu. Mtoto wa kulishwa na kubebwa sina mtu wa kumshika." Alimtazama Hamesa na vizibo vyake, akatazama karatasi. "Labda ni mtoto mwingine huyu?" akauliza. Nilisema ni yeye. Sikuwa na ujasiri wa kusema zaidi. Basi ilinibidi nimtoe. Alishikilia kamba ile mpaka nikavifungua vidole vyake kimoja kimoja, mimi niliyefungua fundo la leso, na alilia njia nzima mpaka Minjila.

Pale njia panda tulikaa kivulini kungoja mtu wa kutubeba, karibu na mwanamke wa Kiorma aliyekuwa akiuza maziwa. Nilimfahamu kwa jina la Mama Halima. Kila mtu alimfahamu. Alimmiminia Hamesa kikombe bila kuuliza, akakiweka chini mbali kidogo na yeye, kama mtu aliyezoea ndama mwenye woga. Hamesa alinyamaza, akanywa. "Na sasa wewe," Mama Halima akaniambia, "mtoto amenyamaza, wewe ndiye unalia. Kuna nini?" Nikamweleza yote, hata ya shangazi. Alicheka mpaka akashika goti.

"Haki ya Mungu, nyinyi watu wa mto! Mmezoea kuandikwa!"

"Na nyinyi je? Nyinyi malaika?"

"Sisi?" Kicheko kikamwisha. "Mwaka ule wa ukame walikuja na karatasi. Mume wangu akasema ng'ombe wamekufa wote. Wakaandika wamekufa, tukapata unga. Mwezi uliofuata likaja gari la chanjo. Likapita kwetu moja kwa moja. Nikalikimbilia: simameni, na sisi tuna ng'ombe! Yule mtu akafungua daftari lake. Akasema, mama, ng'ombe wa hapa wamekufa." Alifuta mdomo wa mtungi kwa kitambaa. "Tisa walikufa kweli. Ulimi nje. Sasa wewe, Mpokomo, umemwandikisha dada yako amekufa. Nenda ukamfufue."

Kusema ni rahisi. Mvua ilikata barabara, mwezi uliofuata Mwalimu Zawadi hakuja, na kijijini habari ilitangulia kwamba Komora anataka kwenda kukiri. Jioni moja nilisikia wakinijadili kwa shangazi, mimi nikiwa nyuma ya ukuta nikipasua kuni. "Akisema alidanganya hiyo moja, si watafungua na zile za kambini?" "Watatufuta sote." "Mimi nilisema nina watoto tisa." "Wewe una wanne." "Ndiyo nakwambia!" Asubuhi shangazi alinijia, bila kigoda. "Watakufunga," akasema. "Na hao wawili nitawalea mimi na leso yangu." Hakuwa akitania. Nilimwambia, "Shangazi, ile leso ndiyo inayonipeleka." Aliniuliza kama nina nauli, na hapo nilijua ameshakubali, ingawa hakuwahi kusema hivyo mpaka siku aliyokufa.

Nilienda peke yangu. Stoo ilikuwa ile ile, kitambaa cha maua kile kile. Sikukaa. "Mwalimu, nilikudanganya," nikasema. "Anajilisha. Jina lake analijua. Na siku ile alisema kweli, alisema tunasikitika kutangaza, maana yake ni njaa, na mimi nilikuwa na chakula chake mkononi nikakuambia ni sauti tu." Nilieleza mafuriko, foleni, shangazi na mguu wake. Mwalimu Zawadi alivua miwani. Nilingoja anifukuze. Alikuwa akicheka kidogo, si kwa kunidharau, kwa ule mguu wa shangazi. Kisha akawa mkali.

"Unajua karatasi yangu ni ya nini? Si ya kugawa. Ni ya kumwambia mwalimu aanzie wapi. Ukiniambia mtoto hawezi, naye ataanzia chini ya mahali alipo, na mtoto atakaa huko." Akavaa tena miwani. "Na mimi nilisikia ile sentensi. Nikaandika uliyosema wewe, kwa sababu wewe ndiye unayemjua. Sasa siwezi kubadilisha ripoti kwa maneno yako tena. Ni lazima nione. Hapa sitaona kitu na huyu fundi. Mtoto huyu hutulia wapi?"

Nilijibu bila kufikiri: "Juu ya dungu."

Ulikuwa wakati wa mpunga kukomaa. Wasiotoka kwetu wajue kwamba dungu ni jukwaa la miti, refu kuliko mtu, linalosimama katikati ya shamba, na juu yake hukaa mlinzi wa kufukuza ndege. Nilikuwa nimempandisha Hamesa mwanzoni kwa sababu mamba hawapandi ngazi. Lakini wiki ya kwanza tu wenye mashamba ya jirani walikuja kuniomba kamba zao zifikishwe kwake. Kamba kumi na moja zilitoka kwenye dungu lile, kila moja ikielekea kwenye mikebe iliyoning'inizwa upande wake, na Hamesa alikaa katikati nazo tangu umande mpaka jua la utosi, hasinzii, hapigi soga. Kelele ya mikebe ile haikumsumbua hata kidogo. Nadhani ni kwa sababu alikuwa mwenye nayo.

Mwalimu Zawadi alikuja wiki iliyofuata, akavuka mto kwa mtumbwi akiwa ameshikilia miwani kwa mikono miwili, akaketi chini ya dungu kwenye kigoda cha shangazi. Nilikuwa nimejiapiza nisiseme neno, na sikusema. Kijiji kizima kilipata kazi ya ghafla kandokando ya shamba letu. Kwa saa nzima hakukuwa na kitu. Hamesa alikula ndizi ya kuchemsha aliyoimenya mwenyewe. Kisha kwelea wakaja kutoka upande wa mto, wengi, kama shuka linalopeperushwa, na watu wote wakakimbilia kule wakipiga kelele, shangazi mbele, mguu mzima kabisa. Hamesa hakuangalia kule. Alikuwa amegeukia nyuma yetu, amefumba macho, na mkono wake ukavuta kamba ya upande wa pili, upande mtupu, mara tatu. Mikebe ikalia juu ya mpunga usio na ndege. Na kwelea, waliokuwa wamegeuka hewani kuja kutua pale, wakapanda juu na kwenda zao.

Mwalimu alisimama. "Alijuaje?" Sikumjibu, nilikuwa nimeapa, na pia sikujua. Alivua viatu, akapanda ngazi ile polepole, miti ikilia, akakaa pembeni kabisa bila kumgusa. Hamesa hakumwangalia. Baada ya muda aliupapasa mkusanyiko wa kamba, akachagua moja, akamwekea mwalimu mapajani. Kamba ya Shangazi Dina, shamba gumu kuliko yote. "Hamesa," mwalimu aliita, kwa sauti ya chini. Hamesa akageuka.

"Msikilizaji," akasema, "endelea kuwa nasi."

Mwalimu Zawadi aliendelea mpaka jua la utosi. Alivuta kamba ile kila alipoelekezwa kwa kidevu, na alikosea mara mbili akakaripiwa kwa mguno. Aliposhuka viganja vilikuwa vyekundu. Alifungua mfuko wake palepale, kwenye kigoda, akaandika fomu mpya juu ya goti, na safari hii alinisomea kila mstari kwa Kiswahili kabla ya kuuandika. Ndipo nilipolisikia neno usonji kwa mara ya kwanza. Hakulisema kama ugonjwa. Alilisema kama mtu anayekuambia jina la kijiji ambacho umekaa miaka mingi bila kujua kinaitwaje. Aliandika kwamba mtoto hutulia akiwa na mgongo penye ukuta na kazi mkononi. Kwamba anasema, na mwalimu wake ajifunze maneno yake. Kwamba aambiwe kabla kimebaki kiasi gani. Hilo la mwisho nilimpa mimi, la nywele.

Alipofika chini ya ukurasa alisimamisha kalamu. "Mzazi au mlezi. Mara ya kwanza uliniambia niandike hakuna."

Shangazi Dina alikuwa nyuma yangu, na majirani, na Buya aliyekuwa ametoroka shule siku hiyo. Nilijua vizuri kwamba neno litakaloandikwa pale litatutoa kwenye mgao wa yatima wasio na mtu mafuriko yajayo yakija. Shangazi naye alijua. Nilimsikia akivuta pumzi. Na ni yeye aliyesema.

"Ana mtu huyu," akasema. "Andika Komora."

"Aseme mwenyewe," mwalimu akasema.

"Andika mzazi," nikasema. "Komora."

Januari Hamesa alikaa mwisho wa mstari, mgongo ukutani, kwenye nafasi ya nane. Alitoka kwa dirisha mara moja, wiki ya pili, akarudi mwenyewe kwa mlango. Alisoma pale miaka tisa. Leo kwenye chumba kile kile cha yuniti yeye ndiye msaidizi wa mwalimu, na barua za wazazi huziandika yeye, kwa herufi za kujitahidi.

Siku ya sherehe walitupanga chini ya turubai. Mwalimu Zawadi alikuwa amezeeka, miwani bado kwenye uzi. Hakuhutubia sana. Alisema anataka kuona kitu kimoja tu kabla hajaenda zake: wazazi wa watoto aliowapima wasimame. Akina mama wengi walisimama, na akina baba wachache, na mimi. Nyuma yangu mtu alinong'ona, "Huyo si kaka yake?" na mwingine akamjibu, "Nyamaza, huyo ndiye mzazi." Watu wakaanza kupiga makofi, yakazidi, vigelegele vikaingia, na nilikuwa sijui mikono yangu niiweke wapi. Hamesa alikuwa kando yangu, mikono masikioni. Alivumilia kwa kadiri niliyoweza kuhesabu mpaka kumi. Kisha akasimama naye, nywele zake zimesukwa mistari minane niliyoimaliza asubuhi ile, akausogelea mdomo wa kipaza sauti.

"Huu," akasema, "ndio mwisho wa taarifa ya habari."

Uwanja mzima ukanyamaza. Mwalimu Zawadi, aliyemjua, alishusha mikono yake kwanza, na sisi wengine tukaketi.